Njaa ya Saa Kumi

Njaa yangu huja saa kumi jioni. Ina tabia ya karani wa zamani: haichelewi, haiombi radhi, na ikifika inataka chai ya maziwa pamoja na kitu cha kutafuna. Nyumbani kwetu Kitui mjini kitu hicho huwa chapati ya asubuhi iliyopashwa moto. Nimeitii njaa hiyo maisha yangu yote ya utu uzima. Nafundisha chuoni, nimeandika makala kuhusu ukame, nimekaa katika mikutano mirefu ya chakula cha msaada, na kila mara saa kumi ilipofika nilikuwa wa kwanza kunyoosha mkono kwenye sahani ya sambusa.

Kwa hiyo mke wangu aliponiomba tuende pamoja kwenye mafungo ya kutafakari, wiki nzima ya kukaa kimya na kufumba macho, swali langu la kwanza halikuhusu nafsi.

"Wanapika nini?"

"Wanapika vizuri," alisema. "Mpaka saa sita mchana."

"Na baada ya saa sita?"

"Baada ya saa sita, mzee, kuna maji."

Mke wangu ni mwalimu wa shule ya msingi. Kwa muda wa mwaka na zaidi amekuwa akiamka alfajiri, anatandika mkeka nyuma ya sofa, anakaa pale bila kusema neno, halafu anainuka na kwenda kukabiliana na darasa la watoto wengi kuliko madawati. Mimi humpita kwa kunyata nikitafuta mkate. Anapoinuka huwa na uso ambao sikuwa nimeuona tangu kabla hatujapata watoto, na kwa muda mrefu nilitamani kujua kuna nini huko nyuma ya sofa letu.

Tatizo ni kwamba mimi ni bingwa wa kuanza mambo. Nina viatu vya mazoezi ambavyo bado ni vyeupe. Nilijifunza Kifaransa hadi somo la hali ya hewa. Tasnifu yangu ya uzamifu ina sura ya kwanza ambayo kila aliyeisoma ameisifu, na hakuna aliyesoma ya pili kwa sababu haipo. Mke wangu anajua yote haya, na kwa hiyo alinipa masharti mapema, akikunja nguo, bila kunitazama.

"Sikulazimishi. Lakini ukianza, umalize. Ukitoroka katikati sitakukasirikia. Nitaacha tu kukualika."

Nimeishi na mama huyu miaka ya kutosha kujua uzito wa kila kitu anachosema. Hasira yake ni kama mvua ya kwetu, kelele nyingi na maji kidogo, kesho yake jua. Lakini kuacha kualikwa kungekuwa ukame wenyewe. Kuna mahali alikuwa akienda kila alfajiri bila mimi, na sasa alikuwa ameshika mlango wazi. Nilisema nitaenda.

Kabla ya safari nilikwenda kwa jirani yetu mwenye duka la vitambaa. Ukoo wake ulitoka pwani zamani, na kila Ramadhani yeye hufunga huku akipima vitambaa na kubishana na wateja siku nzima. Nilimwendea kama mtu anayekwenda kwa fundi.

"Kwa hiyo mchana mnakula," alisema.

"Mpaka saa sita."

"Halafu mnalala njaa?"

"Ndiyo."

"Mwalimu, sisi tunashinda njaa tunalala tumeshiba. Nyinyi mmeuvaa mfungo nje ndani!" Akacheka mpaka mteja wake naye akacheka bila kujua sababu. Kisha akawa na huruma. "Sikiza. Mlo wa mwisho usiushindilie. Mtu akishindilia daku, saa nne ana kiu, saa sita anachukia watu. Kula kidogo, kula pole pole, maji kunywa mapema. Na njaa ikija, usitazame saa."

Nikamshukuru, nikanunua shuka la kukalia, na nilipofika nyumbani nilikuwa nimesahau kila kitu isipokuwa shuka.

Mafungo yalifanyika katika kituo kilichokodiwa kutoka kwa kanisa moja, juu ya milima ya Mbooni, Makueni, mbele kidogo ya Kikima. Kwa mtu wa Kitui, nchi ya ukame, kule ni ughaibuni: ukungu asubuhi, matope mekundu, miti ya parachichi imezunguka ukumbi. Mke wangu amezaliwa huko. Ukisimama kwenye uzio wa kituo unaliona bati la nyumba ya mama yake kwenye mteremko, na moshi wa jiko lake. Hatukuwa tumemwambia tunakuja. Mama mkwe wangu ni nguzo ya kanisa lake, na mke wangu alikadiria kwamba kumweleza watu wanaofumba macho kwa wiki nzima bila kuimba hata wimbo mmoja kungechukua muda mrefu kuliko wiki yenyewe. Tungempitia tukimaliza.

Kanuni zilikuwa chache. Kutosema. Kutopeana ishara. Kutotazamana. Wanaume upande wa kushoto, wanawake kulia, hata wanandoa. Mlo wa mwisho saa tano na nusu, na baada ya hapo maji na chai ya rangi isiyo na sukari.

Siku ya kwanza walipika isyo, yaani mahindi na mbaazi, na parachichi pembeni. Nilisimama mbele ya sufuria ile nikiwa na akili ya ukoo wangu wote: mtu akijua kiangazi kinakuja, hujaza ghala. Nikajaza. Nikarudi nikajaza tena. Nilipoinuka mezani nilikuwa natembea kama mama mjamzito, nikijipongeza kwa mipango mizuri.

Mbaazi za Makueni zina sifa nyingi, lakini kutunza siri si mojawapo. Mnamo saa nane, katika ukumbi ambamo ungeweza kumsikia nzi akijikuna, tumbo langu lilianza hotuba. Nilibana. Nilikohoa ili kufunika. Nilihama kutoka goti hili hadi lile. Hatimaye usingizi ukanihurumia, nikalala nimekaa, na nikakoroma, kwa sababu niliamshwa na kikohozi cha jirani ambacho hakikuwa na homa yoyote ndani yake.

Kisha, saa kumi ilipofika, njaa yangu ikaingia.

Sikuamini. Tumbo lilikuwa limejaa hadi kwenye mbavu, na bado nilikuwa na njaa. Ilinitaka chai na chapati kama kawaida yake. Nilikaa pale nikaona aibu ya msomi aliyegundua jambo dogo akiwa amechelewa sana: njaa niliyoitumikia maisha yangu yote haikuwa inakaa tumboni. Ilikuwa inakaa kwenye saa.

Jioni hiyo mwalimu wetu, mama mmoja kutoka Nairobi mwenye sauti ya kubembeleza mtoto, alituambia, "Njaa ikija, ione kama mgeni. Usimfukuze, wala usimkaribishe. Mtazame tu."

Nilitamani ningeruhusiwa kuinua mkono. Kwetu Ukambani mgeni aliyekuja ukamtazama tu bila kumkaribisha, kesho yake wazee wataitwa. Lakini sikuwa na kazi nyingine ya kufanya, nikajaribu. Siku iliyofuata saa kumi nikamtazama mgeni wangu akiingia. Alikaa. Alilalamika kuhusu chai. Alinikumbusha chapati moja moja, mpaka zile za harusi ya mdogo wangu. Kisha, alipoona simjibu, akachoka, akaenda zake. Nilibaki nikishangaa. Sikujua kwamba huwa anaondoka. Sikuwahi kumpa nafasi.

Hapo ndipo nikamkumbuka muuza vitambaa. Nikaanza kupakua nusu sahani. Nikanywa maji asubuhi badala ya kungoja kiu. Nikatafuna pole pole, kwa sababu nilikuwa na muda mwingi na meno machache mazuri, na nikakutana na mahindi. Nimekula mahindi tangu nizaliwe, lakini ni kama mtu uliyesoma naye darasa moja mkasalimiana tu. Yana utamu unaokuja mwishoni, baada ya kutafuna sana, ukiwa tayari kumeza. Niliona furaha ya kijinga, ya mtu mzima anayetabasamia kijiko.

Tulikuwa na furaha nyingine za aina hiyo. Alasiri moja, katikati ya ukimya mzito, parachichi lilianguka juu ya mabati ya ukumbi: du! Likabingirika, grr, grr, mpaka ukingoni, likatua kwenye majani. Sekunde moja ya kimya, halafu matumbo ya watu wote yakajibu kwa pamoja, safu kwa safu, kama kwaya. Mabega ya upande wa wanawake yakaanza kutikisika. Sikupaswa kutazama, lakini mabega ya mke wangu nayajua hata kwa pembe ya jicho.

Mambo yangeendelea hivyo kwa amani kama si zile saa za kutembea. Katika mafungo haya watu hutembea pole sana, wakiinua mguu, wakiupeleka, wakiuweka, kama mtu anayevuka shamba lililolowa akiwa na viatu vya kuazima. Mimi nilichagua njia ya kando ya uzio kwa sababu ya jua. Mama mmoja, jirani wa mama mkwe wangu, alikuwa akipita upande wa pili na kuni zake. Akasimama. Akanitazama nikiinua mguu mmoja kwa muda unaotosha kumenya ndizi. Kisha akanisalimia, salamu ya mkubwa kwa mdogo: "Wakya?"

Jibu lake ni fupi kuliko majibu yote duniani. Ni "Aa" tu. Ni pumzi yenye adabu. Mtoto anayeanza kusema analiweza, na mtu mzima asiyelisema amelaaniwa au ni mgonjwa. Nilisimama na mguu wangu hewani nikijadiliana na kanuni kama pumzi ni neno. Nilipomaliza mjadala, mama alikuwa amekwisha kuteremka, mwendo wa mtu mwenye habari.

Kesho yake alasiri mwalimu akanigusa bega, akanong'ona kwamba naitwa langoni.

Langoni alikuwa mama mkwe wangu, na kiunoni ameshikilia sufuria iliyofungwa kwa leso.

Lazima nieleze. Sisi tuna nthoni, ile haya ya heshima kati ya mtu na mama mkwe wake. Hatushikani mikono. Hatutazamani usoni. Mkwe hali mbele yake. Tangu nimwoe binti yake tumezungumza kupitia watu wengine, na pasipo mtu, kupitia vitu. Amewahi kukiambia kiti kwamba ng'ombe wamefunguliwa ili mimi nisogeze gari. Kwa hiyo sasa alisimama upande, uso kwenye uzio, na akazungumza na mlinzi. Mimi nilikuwa katika ukimya, kwa hiyo nami nikawa na mlinzi huyo huyo. Naye alikuwa mtu wa makamo aliyeajiriwa kulinda watu wasiosema, mwenye njaa yake mwenyewe, ya maneno. Nilimwona macho yaking'aa.

"Mlinzi," mama mkwe alisema, "huyo mtu ni mgonjwa?"

Mlinzi akanitazama. Nikatikisa kichwa; kanuni ya ishara niliihesabu kuwa ya ndani ya lango.

"Anasema ni mzima kabisa, mama. Anakushukuru kwa kuuliza."

"Amefukuzwa kazi?"

Nikatikisa tena.

"Hapana, mama. Kazi ipo. Mshahara ndio unachelewa."

Sikuwa nimesema hivyo, ingawa ilikuwa kweli.

"Basi kwa nini hajibu salamu za watu, na kwa nini ananyimwa chakula cha jioni?"

Mlinzi akakohoa kidogo. "Mama, hawa wanafunga."

Nikaona bega la mama mkwe likilegea. Kufunga anakujua. Yeye na kina mama wa kanisa lake hufunga kwa ajili ya mvua, kwa ajili ya mitihani, kwa ajili ya waume. "Tangu asubuhi?"

"Tangu saa sita, mama."

"Asubuhi walikula?"

"Walikunywa uji. Na saa tano na nusu walikula isyo."

"Mlinzi, huo si mfungo. Huko ni kukosa chakula cha jioni. Sisi tukifunga tunafunga jua likiwa utosini."

"Na mtu wa Kitui, mama!" mlinzi alisema, akishika lango ili asianguke kwa kicheko. "Mtu wa Kitui anakuja huku kwetu kufundishwa njaa!"

"Nyamaza wewe. Huyo ni wa Kitui ya vitabu. Siku walipoleta mbuzi za mahari, nilisikia wazee waliacha mazungumzo wakimwangalia akila." Kisha akainua ile sufuria. "Mwambie nimechinja jogoo. Yule mwekundu. Nimemkimbiza mwenyewe."

Sufuria ikatoka mikononi mwake, ikapita kwa mlinzi, ikafika kwangu. Ilikuwa ya moto. Niliisikia kwenye tumbo kupitia leso. Halafu mama mkwe, kama desturi inavyotaka, akanigeuzia mgongo, akaenda hatua chache, akasimama akitazama mlima, ili nipate nafasi ya kula bila kuonwa. Alikuwa akingoja. Alikuwa akisikiliza mifupa.

Ilikuwa saa kumi. Sikuhitaji kutazama saa. Mgeni wangu alikwisha kuingia, na safari hii hakuzungumza juu ya chapati.

Nikafunua kidogo. Chini muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, yanameta mafuta. Juu yake jogoo. Na juu kabisa, peke yake kama mwenyekiti, firigisi. Kwetu firigisi hapewi mtu ovyo. Ni ya mwanamume wa nyumba, au mgeni anayeheshimiwa. Mama mkwe wangu, ambaye hajawahi kunitazama usoni, alikuwa ameniwekea firigisi.

"Prof," mlinzi alininong'oneza, "kula. Mimi macho yangu ni mabovu tangu kuzaliwa."

Chakula cha mama mkwe hakikataliwi. Hiyo haijaandikwa popote kwa sababu haijawahi kuhitaji kuandikwa. Na nikila, basi, nimetoroka bila hata kuvuka lango. Alfajiri zote zilizobaki mke wangu atatandika mkeka wa mtu mmoja. Nilimtazama mgeni wangu. Nilimtazama vizuri, kama nilivyofundishwa. Alikuwa mkubwa kweli. Lakini nilijua sasa jambo ambalo sikulijua nikipanda mlima: kwamba huwa anaondoka.

Nikafunika sufuria. Nikaikumbatia kwa mikono yote miwili, nikainama mbele ya ule mgongo kama mtu anayepokea zawadi kanisani, nikabaki nimeinama, kwa sababu sikujua la kufanya baada ya hapo.

Mlinzi alijua.

"Mama," alisema kwa sauti ya kikao, "anasema chakula hiki hakimfai mtu mmoja kukila kichochoroni. Anasema kesho saa tano na nusu kitaliwa na watu wote, mezani, na wote watajiuliza kimepikwa na nani."

Mama mkwe akageuka nusu. "Watu wote? Wale wa Nairobi?"

"Na wa Nairobi, mama."

"Na mbona hakusema mapema! Chumvi nimeweka ya mtu mmoja!" Akajifunga kanga vizuri, kama mtu aliyeitiwa kazi. "Walisema saa tano na nusu? Mwambie nitaleta nyingine saa tano. Na sufuria yangu irudi." Akateremka akilaumu chumvi, lakini mgongo wake ulikuwa wa furaha. Nikaipeleka sufuria jikoni, na wapishi wakaihifadhi.

Kesho yake sufuria zilikuwa mbili. Walipasha moto, wakaziweka mezani pamoja na kabichi, na leso ikakunjwa pembeni. Nilikuwa naanza nusu sahani yangu nilipoona, upande wa wanawake, kijiko kikisimama hewani. Mama mkwe wangu huunguza kitunguu kidogo kwa makusudi. Hakuna mtu mwingine duniani anayepika kosa hilo kwa ufundi ule. Mke wangu alitafuna pole pole. Akaiona leso. Akainuka kama anayeongeza chakula, akachungulia ile sufuria ya kwanza. Na pale juu, baridi yake imetolewa, haijaguswa na mtu maana hakuna aliyethubutu, ilikuwa firigisi.

Anaijua firigisi inawekewa nani. Na mimi ananijua.

Nilimwona akiichota. Kisha mwanamke huyu asiyevunja kanuni, anayerudisha vitabu vya maktaba kabla ya siku, akavuka ukumbi mzima, akaingia upande wa wanaume, akapita nyuma yangu bila kunitazama, akaitia firigisi kwenye sahani yangu, akaendelea hadi mlangoni kana kwamba ameona mvua. Nikaila. Nimekula vitu vingi katika maisha yangu, na kabla ya siku ile sikuwa nimekula kitu pole pole hivyo.

Siku ya kufungua vinywa ilipofika, tuliteremka kwa miguu kwenda kwa mama yake, mimi nimebeba sufuria mbili.

"Ulivunja kanuni," nilimwambia. "Ulivuka upande wa wanaume."

"Nishtaki." Akatembea kidogo. "Alikuletea saa ngapi?"

"Saa kumi."

"Saa kumi!" Akasimama njiani akacheka, mkono kifuani. "Na hukula."

"Nilinusa."

"Kunusa kunaruhusiwa."

Nyumbani kwake niliandaliwa sebuleni peke yangu, kama desturi, nao wakakaa jikoni. Niliwasikia kupitia ukuta.

"Muulize kama ameshiba."

"Mama anauliza kama umeshiba."

"Mwambie kidogo," nikasema, na chapati nyingine zikaja, zimebebwa na mke wangu. Aliziweka mezani, akaketi kwenye mkono wa kiti changu, akatazama nje ambako ukungu ulikuwa ukirudi mlimani.

"Tukifika Kitui," alisema, "lile sofa ulisogeze mbele. Pale nyuma mikeka miwili haitoshi."

Nikamwambia nitalisogeza. Baada ya chai.